Kupanda Amani kwa Gari Kuukuu



Wengine hutuandikia khabari za safari za nchi za mbali, nasi huzisoma kwa furaha. Leo twataka kuwaeleza safari iliyo fupi kabisa, ya kutoka Muheza mpaka Amani, katika milima ya Usambara ya Mashariki. Kijana mwenye pikipiki huimaliza njia hiyo baina ya asubuhi na adhuhuri, na akapata na nafasi ya kunywa chai. Sisi ilituchukua miezi kumi na minne. Kilichotuchelewesha si njia, ingawa njia yenyewe ni ngumu. Kilichotuchelewesha ni gari kuukuu tulilolinunua bila ya kulijua, na rangi iliyohusika na udanganyifu mara tatu. Mara ya kwanza tulidanganywa na mtu. Mara ya pili tulijidanganya wenyewe. Na mara ya tatu ilibaki kidogo sisi tumdanganye mtu. Tumeona si vema kukaa na khabari hii peke yetu.

Mji wetu wa Muheza uko bara ya Tanga, chini ya milima. Msafiri anayepita huujua kwa machungwa yaliyopangwa mafungu mafungu kando ya barabara. Wazee wetu huijua nchi hii zaidi kwa mkonge, mmea ambao asili yake si kwetu. Uliletwa pwani hii mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na kwa miaka mingi mashamba yake ndiyo yaliyowalisha watu wa wilaya zetu. Bei ya katani ilipoanguka, mashamba mengi yakaingia magugu, na mabanda yake yakabaki na vyuma vilivyolala. Katika banda moja la namna hiyo ndimo lilimotoka gari letu.

Sisi kazi yetu ni kusomesha watoto chuoni, na umri wetu umekwisha pita hamsini. Wanafunzi wetu wawili wa zamani wamefungua vyuo vidogo katika vijiji vya milimani, na kila walipotuomba twende kuwatazama watoto na kuwapelekea misahafu na juzuu, tulikuwa na udhuru ule ule: masika yameingia, njia imekatika, gari hakuna. Basi tulipoambiwa kwamba kuna Land Rover inauzwa, tena kwa bei ambayo mwalimu wa chuo aweza kuifikia, tulizitoa fedha tulizoziweka kwa ajili ya kuezeka upya nyumba yetu. Mama watoto alisema neno moja tu: "Bati linalovuja twalijua. Hilo gari twalijua?" Hatukumsikiliza.

Hapana budi tuseme kidogo juu ya gari lenyewe, kwani vijana wa leo huliona barabarani na hawajui limetoka wapi. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam, katika nchi ya Uholanzi, tarehe 30 Aprili, 1948. Aliyeifikiri ni mhandisi Mwingereza, Maurice Wilks, aliyekuwa akitumia shambani mwake gari la Jeep la Wamarekani lililobaki baada ya vita. Wakati ule chuma cha pua kilikuwa adimu katika Uingereza, na serikali ilikigawa kwa kipimo; kwa hivyo bodi ya gari ilifanywa kwa bati la alumini, na chuma kikawekwa pale tu palipokuwa na lazima, khasa katika chesisi, ambayo ndiyo mifupa inayobeba kila kitu. Gari letu ni la miaka ya 1960, la aina iliyoitwa Series IIA, iliyoundwa tangu 1961 mpaka 1971. Urefu wake baina ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ni inchi 109.

Msomaji azingatie jambo hili la alumini na chuma, kwani ndani yake mna siri yote. Alumini haishiki kutu nyekundu. Gari laweza kukaa miaka arubaini bandani na bodi yake ikawa safi, kumbe chesisi iliyo chini yake imeliwa. Na chesisi hii ni kama bomba la pembe nne: maji na matope huingia ndani yake, hayaonekani, nayo hula chuma kutoka ndani kuja nje. Ukija kuona tundu kwa nje, ujue kwa ndani kazi imekwisha zamani. Na mahali alumini inapokutana na chuma penye unyevu, ile alumini nayo huanza kuoza, ikawa unga mweupe kama chokaa.

Sisi hatukuyajua hayo. Tuliliona gari la kijani, linang'aa, chini limepakwa rangi nyeusi nzito. Tukalizunguka mara mbili, tukapiga tairi teke kama tulivyoona wengine wakifanya, tukalipa. Lilivutwa kwa kamba mpaka nyumbani, na watoto wa mtaa wakalishangilia.

Fundi tuliyemwita ni kijana aliyesoma kwetu alipokuwa mdogo. Alikuja, akatuamkia, "Shikamoo, Maalim," kisha akaingia chini ya gari na nyundo ndogo. Akawa anagonga chesisi pole pole, shibiri kwa shibiri. Mahali pengine nyundo ililia kama kengele. Mahali pengine ilitoa sauti kama ya kugonga boga. Pale penye sauti ya boga akakwaruza kwa bisibisi, na rangi ile nyeusi ikabanduka pamoja na puti nene iliyojazwa chini yake. Bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini. Akatoka, akajifuta mikono, akasema, "Maalim, hapa umeuziwa rangi." Huo ndio udanganyifu wa kwanza. Aliyetuuzia hatumtaji, Mwenyezi Mungu atusamehe sisi na yeye.

Yule kijana akatupa shauri lake papo hapo: "Rangi na viti tuviache. Tuanze na chesisi na breki. Gari kwanza lijue kusimama, ndipo lijifunze kwenda." Maneno haya tungaliyaandika juu ya ubao tukayasoma kila siku. Lakini mwanadamu hupenda kinachoonekana. Tulimwambia achomelee pale palipooza zaidi, basi. Injini nayo ilimtoa jasho, lakini iliitika. Fedha iliyobaki tukainunulia rangi mpya, viti vipya na turubai jipya, kwani tulifikiri: watu wa mlimani watatuonaje tukifika na gari lililochakaa? Breki tulizikanyaga mara tatu uani, zikashika, tukasema zatosha. Huo ndio udanganyifu wa pili, na mwenye kudanganya na mwenye kudanganywa alikuwa mtu mmoja.

Tulitoka alfajiri moja ya mwezi wa Aprili, sisi, mwalimu mwenzetu, na mjukuu wetu wa miaka kumi aliyelilia kwenda. Kutoka Muheza njia huenda kwanza katika mashamba na vijiji, kisha huanza kuufuata mto Sigi, ambao maji yake ndiyo yanayonywewa Tanga mjini. Pale Sigi palikuwa zamani na mwisho wa reli ndogo ya Wajerumani iliyotokea Tengeni kuchukua magogo ya msituni, na nyumba ya mkuu wa stesheni ingali imesimama. Kutoka hapo njia huupanda mlima kwa kona nyingi, msitu mkono huu, korongo mkono huu. Gari lilipanda vizuri, nasi tukajiona.

Kabla ya kufika nusu ya mlima mvua ikashuka. Udongo mwekundu wa huko ukipata maji huteleza kama sabuni. Mwenzetu akasema turudi, tukageuza gari. Katika mteremko wa pili tulikanyaga breki, na kanyagio likazama mpaka sakafuni, laini, kama kukanyaga sifongo. Tukakanyaga tena, hapana kitu. Tukajaribu kuteremsha gea kutoka ya tatu kwenda ya pili. Gea ikalia kwa ukali, ikakataa kuingia, kwani magari ya namna hii gea yake ya kwanza na ya pili haziingii gari likiwa mwendoni ila kwa ujuzi ambao sisi hatukuwa nao. Mkono wa kushoto ni korongo. Tukakata usukani kuume, tukaligonga gari katika ukingo wa mlima, na hapo likasimama.

Sisi tulitoka na michubuko. Mjukuu wetu alivunjika mkono.

Hatutaelezea ile njia ya kurudi, wala uso wa mama watoto alipompokea mtoto mlangoni. Hakusema kitu, na lau angalisema ingalikuwa nafuu. Mkono ulifungwa hospitali, ukaunga, Alhamdulillahi.

Fundi alipofungua breki alituita tuone. Ndani ya kila gurudumu mna kisilinda kidogo chenye raba, na mafuta ya breki yakisukumwa raba husukumwa nayo, na breki huzuia gurudumu. Katika gari letu njia ya mafuta hayo ni moja tu kwa magurudumu yote manne, kwa hivyo pakivuja pamoja yote hukosa. Raba zetu zilikuwa zimevimba na kulainika kama mkate uliotiwa maji. Mtu fulani zamani alitia mafuta ya injini mahali pa mafuta ya breki, na mafuta ya namna hiyo huiharibu raba yake. Tena na mafuta yenyewe ya breki hunyonya unyevu wa hewa mwaka baada ya mwaka, na yakipata moto wa mteremko yale maji huchemka, na kanyagio huzama. Raba hizo zote bei yake haikufika robo ya bei ya rangi.

Basi tukaazimia kuliuza. Tukanyoosha bawa la mbele kwa nyundo, tukalipaka rangi, likang'aa tena. Hazikupita siku nyingi akaja mtu, mkulima mwenye heshima zake, akalizunguka mara mbili, akapiga tairi teke. Tulimtazama, tukajiona sisi wenyewe. Aliuliza, "Maalim, gari lina ila yoyote?" Tukanyamaza kidogo, na hakika tulikuwa tukitafuta maneno ambayo si uwongo wala si kweli. Ndipo tulipomsikia mama watoto ndani akimwambia mtoto kwa sauti ya kawaida, "Njoo nikufunge vizuri kitambaa cha mkono wako." Hakukusudia tusikie, au labda alikusudia.

Tulimwambia yule mkulima yote: chesisi, breki, ukingo wa mlima. Alishukuru, akaenda zake. Sisi kila mwaka huwafundisha watoto kwamba kuficha ila ya kitu unachokiuza ni haramu, na siku ile tuliona jinsi mafundisho yalivyo mepesi kwa mwalimu na mazito kwa muuzaji. Huo ndio udanganyifu wa tatu, na Mwenyezi Mungu alituokoa nao mlangoni.

Kutoka siku hiyo tukaanza upya, na safari hii tulikubali kuwa mwanafunzi. Kila Alhamisi jioni na kila Ijumaa baada ya swala tulivaa nguo kuukuu tukamshikia fundi spana. Bodi ilifunguliwa yote. Boliti zilizoshikwa na kutu tulizitia mafuta ya kulegeza jioni tukaziacha mpaka kesho yake, kwani mwenye pupa huzivunja. Kila kipande kilichotoka tulikifunga karatasi yenye herufi, alifu, bee, tee, na nati zake tukazitia katika kopo lenye herufi hiyo hiyo. Fundi alicheka sana. "Maalim," alisema, "ulinichapa kwa herufi hizi, na leo ndizo zinazonilisha."

Chesisi ilikatwa kila palipolia kama boga, ikachomelewa chuma kipya, na betri iliondolewa kabla ya kuchomelea. Matundu ya chini ya kutolea maji, ambayo matope yaliyaziba, yalizibuliwa, na ndani tukamimina mafuta mazito ili kutu isirudi. Sakafu ya miguuni, ambayo nayo ni chuma, ilibadilishwa. Breki zilifanywa upya zote: raba, mabomba, mafuta. Injini haikuwashwa mara moja, kwani ilikaa miezi. Tulitoa plagi, tukatia mafuta kidogo katika kila silinda, tukalala, na asubuhi tukaizungusha kwa mkono kwa ile hendeli ya mbele mpaka ikalegea. Siku ya kuiwasha ilikohoa na kupiga mshindo, watoto wakakimbia. Kumbe sisi tulirudisha nyaya za plagi kwa hesabu ya moja, mbili, tatu, nne. Fundi akatusahihisha kama tulivyokuwa tukimsahihisha yeye: "Moja, tatu, nne, mbili, Maalim. Sema tena." Tukasema tena.

Mwisho akatufundisha zile fimbo mbili ndogo zilizo pembeni mwa gea. Yenye kichwa cha manjano huunganisha magurudumu ya mbele yavute pamoja na ya nyuma. Yenye kichwa chekundu huvutwa gari likiwa limesimama, na hulipa gari mwendo wa chini wenye nguvu nyingi. Kwa mwendo huo na gea ya chini, injini yenyewe hulizuia gari katika mteremko, na breki hupumzika. Lau tungaliujua mkono ule mwekundu mwezi wa Aprili, mtoto asingalivunjika wake.

Rangi hatukuipaka. Fedha ilikwisha, na hamu yake ilikuwa imekwisha kabla.

Tulipanda Amani katika kiangazi, gari likiwa na mabaka ya kijani, kijivu na nyekundu ya kuzuia kutu. Mjukuu wetu alikaa kati yetu, tulimwuliza kama anaogopa, akasema, "Babu, umejaribu breki?" Tukasimama, tukazijaribu mbele yake mara tatu, zikashika. Katika ile kona ya ukingo tulipita kimya.

Na huko juu, wapenzi wasomaji, ni nchi nyingine. Joto la Muheza huliacha chini kama mtu avuaye koti. Miti ni mirefu hata shingo huchoka kuitazama. Wajerumani walianzisha hapo mwaka 1902 kituo cha kuchunguza mimea, wakapanda miti kutoka pembe nyingi za dunia, na baada yao Waingereza wakapafanya mahali pa kuchunguza malaria. Tangu 1997 msitu ule umewekwa kuwa hifadhi. Katika miamba yenye kivuli huota ua dogo la zambarau ambalo leo watu wa Ulaya na Marekani hulipanda madirishani kwao. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa Tanga, Saint Paul-Illaire, alipeleka mbegu zake kwao, na ua likachukua jina lake, Saintpaulia. Ng'ambo ya msitu yako mashamba ya chai, na nyuma ya nyumba za wanavijiji iko iliki, mdalasini na pilipili manga, harufu yake huingia hata garini.

Watoto wa chuo walitupokea njiani. Mmoja alilitazama gari akauliza kwa nini lina mabaka. Tulimjibu kwamba limevaa nguo za kazini. Tuligawa juzuu, tukawasikiliza wasome, tukalala huko, na kesho yake tukateremka kwa mkono mwekundu, pole pole, na mguu wetu haukuigusa breki ila mahali pachache.

Kwa vijana wetu, na kwa wakubwa wenye tamaa kama yetu, twaacha nasaha hizi. Kwanza, usinunue gari kuukuu peke yako. Nenda na fundi mwenye nyundo, na mpe ujira wake hata akikwambia usinunue. Pili, tazama chini kabla ya kutazama juu, na palipopakwa rangi nene ndipo paulizwe zaidi. Tatu, anza na breki, kisha chesisi, kisha usukani na tairi, kisha injini. Rangi ije mwisho, na isipokuja si kitu. Nne, usimpakie mtu, wala mtoto wako, mpaka gari lijaribiwe mahali tambarare na katika mteremko mdogo. Tano, usione haya kufundishwa na uliyemfundisha. Na sita, siku ya kuliuza, yaseme mwenyewe yale ambayo ungalipenda kuambiwa siku ya kununua.

Nyumba yetu bado yavuja upande wa jikoni. Mama watoto ameweka sufuria chini ya tundu, na mvua ikinyesha hutuita tusikilize mlio wake. Kiangazi hiki, Inshaallah, tutaiezeka; na bati tutalichagua naye.